Ukurasa Niliomjengea Mama

Mama alipofika kwangu Kasongo alikuwa bado anaona mwanga wa mlango. Ni mdogo wake aliyemleta kutoka Wamaza, wote wawili wamepanda nyuma ya pikipiki moja, mama akiwa katikati ili asianguke. Alikuwa amelima maisha yake yote kando ya vijito, akiumwa na wale inzi wadogo weusi wa mtoni wanaoleta upofu, tangu utoto. Vidonge vinavyogawiwa vijijini alikuja kuvimeza macho yakiwa yamekwisha kuharibika. Muuguzi alimmulika kwa tochi, jicho moja kisha lingine, akanigeukia mimi na kuniambia kwa Kifaransa kwamba hakuna la kufanya.

Tulipotoka nje mama akasema, "Alivyobadilisha luga tu, nikaelewa."

Mama mdogo alikaa nasi kidogo, akafua nguo zote za mama, akamfundisha kuhesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni. Kisha akafunga mzigo wake. "Miye narudia shamba," aliniambia. "Wewe iko na kazi ya kukaa. Utamuangalia."

Kazi ya kukaa ilikuwa kuchapa barua na kutoa fotokopi katika kibanda karibu na soko. Haikudumu. Mwenye kibanda alihamia Kindu na kuniachia kompyuta moja kuukuu ambayo batri yake ilikuwa imevimba, hivyo iliwaka tu ikiunganishwa na sola. Rafiki yangu wa shule, aliyekuwa Kindu, alinitumia flashi yenye masomo ya kutengeneza kurasa za mtandao, yale mapya mapya, video na mazoezi, yote kwa Kifaransa. Alisema kuna watu wanaajiriwa kutoka mbali kwa kazi hiyo bila hata kuhama nyumbani. Kwa mtu ambaye hawezi kumwacha mama yake peke yake, maneno hayo yalikuwa matamu mno.

Nikaanza kusoma peke yangu. Jua likiwaka, nilisoma. Mawingu yakija, nilipika. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mwanamume wa shati lililopigwa pasi vizuri, na kila alipofika kwenye jambo gumu alisema ni rahisi kabisa. Mama alikaa mkekani karibu nami akibambua karanga, kwa sababu kazi hiyo haihitaji macho, na alimsikiliza.

"Huyu mwalimu wako anasema sana," alisema siku moja. "Anapumua saa ngapi?"

Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ukisahau alama moja tu, ukurasa mzima unabaki mweupe, na hakuna wa kukuambia umeisahau wapi. Niliwahi kukesha na kosa kama hilo kichwani, kesho yake nikaendelea kulitafuta mpaka jua likaisha tena. Mama aliniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. "Sasa mbona unapigapiga ile mashini hivyo?" akasema.

Nilijifunza kupanga maandishi, kupaka rangi, kufanya picha ziteleze kutoka upande huu kwenda ule. Niliandika kwa watu waliotafuta wafanyakazi kila nilipopata mtandao wa kutosha, na hakuna aliyenijibu. Wengine walitaka kuona kurasa nilizokwisha kuzitengeneza. Zangu zote zilikuwa ndani ya kompyuta yangu, hakuna mtu duniani aliyeziona.

Kisha nikafika kwenye somo ambalo karibu niliruke. Lilihusu watu wasioona. Mwalimu alisema: fumba macho, ujaribu kutumia ukurasa wako mwenyewe. Nikafumba. Nikapapasa. Sikuweza kufanya chochote. Nilipofumbua macho nilimwona mama pale mkekani, uso ameuelekeza ukutani, mikono yake inabambua. Miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa ubavuni kwake nikijifunza kazi ya macho tu.

Siku hiyo niliacha mazoezi ya mwalimu, nikaanza kumjengea mama ukurasa.

Mwanzo niliifanya simu isome maandishi kwa sauti. Somo lilionyesha namna. Lakini sauti ya Kiswahili iliyokuwamo haikujua kwetu. Ilitamka kila neno kwa usafi wa ajabu na kulipandisha mwishoni kana kwamba inauliza. Mama alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Ni muzungu mwenye anajifunza?" aliuliza.

"Si mutu, mama. Ni telefone yenyewe ndiyo inasoma."

"Iambie inyamaze."

Basi nikamuuliza anataka kusikia nini. Nilidhani atataka maneno ya kanisa, au habari. Akafikiri, mikono imesimama. "Nataka kusikia watu wangu," alisema. "Hapa wananipita tu mulangoni. Hakuna mwenye ananijua."

Watu wake aliotaka kuwasikia walikuwa watatu: mama mdogo aliyekaa na binti yake kule Wamaza, kaka yao aliyekuwa Lusangi, na kaka yangu mkubwa aliyehamia Nyangwe kuuza samaki. Kupigiana simu kulikuwa bahati nasibu, kwa maana Wamaza mtu hupanda kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu, na mama mdogo magoti yake hayakupenda kilima. Nikaamua kwenda kuzichukua sauti zao na kuziweka kwenye simu, ili mama azisikie wakati wowote bila kungoja rezo. Nilijifunza ile njia mpya ya kuufanya ukurasa ujihifadhi wenyewe ndani ya simu na kufunguka hata mahali pasipo na mtandao. Iliniumiza kichwa kuliko zote. Siku ilipokubali nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jirani alikaa na mama nilipokwenda. Kaka yangu wa Nyangwe alizungumza haraka haraka kuhusu mtoto wake anayeanza kutambaa. Mjomba wa Lusangi alisali sala ndefu, mwishoni akamkumbusha mama awe mvumilivu. Wamaza nilifika nimechafuka matope mpaka kifuani, maana kila pikipiki iliponasa nilishuka nikasukuma.

Mama mdogo aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, akapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Si lazima upige kelele, mama mudogo. Sema tu kawaida."

"Atanisikia?"

"Atakusikia."

Hakuelewa kwamba mama hakuwa upande wa pili wakati ule. Nilimweleza, akasema ndiyo, ndiyo, lakini akaendelea kuzungumza naye kama walivyozungumza siku zote. "Yaya, umeamuka je?" alisema, kwa lile jina tunalomwita ndugu mkubwa, akanyamaza, akingoja. Akaitikia: "Mm. Vizuri. Vizuri sana." Kisha akasema karanga zimetoka nyingi mwaka huu, nyumba haivuji, na yeye iko muzima, asiwe na mawazo. Akamaliza kwa salamu za Kibangubangu, lugha ya kwao, ambazo wao wawili tu walikuwa wakisalimiana nazo tangu wasichana, na akacheka. Sikumwambia arudie. Niliona ni vizuri hivyo hivyo.

Ukurasa ulikuwa na sehemu tatu tu, kubwa, zinazojaza kioo chote: juu mama mdogo, katikati mjomba, chini kaka yangu. Kidole kikigusa, simu hutetemeka kidogo kabla sauti haijaanza, ili mama ajue amegusa mahali penyewe. Hapakuwa na rangi wala picha. Nimejenga kurasa nzuri zaidi tangu hapo, lakini hakuna niliyoitazama ikitumika kama ile.

Asubuhi ya kwanza aligusa juu. Sauti ikauliza, "Yaya, umeamuka je?" na mama, bila kushtuka, akajibu, "Nimeamuka tu, mudogo wangu. Mugongo ndiyo unanisumbua." "Mm," ikasema simu. "Vizuri. Vizuri sana." Mama akageuka upande wangu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu afike.

"Ananijibu!"

Nilimweleza kwamba si jibu, ni ukimya ulioachwa. "Najua," alisema. "Miye si mujinga. Lakini ameniachia nafasi." Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alimjibu mdogo wake. Alimwambia alichoota. Alimwambia ni nani amefariki mtaani. Sauti ilisema vizuri sana, na mama akacheka.

Halafu barabara ya Kabambare, ile inayokwenda Wamaza, ikaanza kuharibika. Sisemi matope. Watu wenye silaha waliingia vijijini, wengine wakawafuata, na sisi Kasongo tukaanza kuwaona wanaofika kwa miguu, magodoro vichwani na kuku mikononi. Kila kundi nililikimbilia nikiuliza habari za Wamaza. Walisema kijiji kimehamia msituni. Walisema wengine wamerudi, kisha wakakimbia tena. Mama alikuwa akinisubiri mlangoni. Nikisema sina habari, alirudi mkekani na kugusa sehemu ya juu.

Aliyeleta habari alikuwa mwenye pikipiki, yuleyule aliyewaleta mama na mdogo wake. Alikataa kukaa kwenye kiti. Alisema mama mdogo alishikwa na homa huko msituni, mvua ikawanyeshea, hakukuwa na dawa, wakambeba kwa blanketi kuelekea barabarani. Alikata roho njiani. Wakamzika palepale, kwa sababu walisikia risasi na hawakuweza kuendelea kumbeba.

"Walimuzika wapi?" mama aliuliza.

"Kando ya njia, mama."

"Njia gani?"

Hakujua. Yeye mwenyewe aliambiwa tu.

Tuliomboleza bila maiti. Wanawake wa kanisa walikuja, majirani Waislamu wakaleta kuni na maji, mjomba akafika kutoka Lusangi amevimba miguu. Siku ya pili ya kilio mama aliomba simu. Nilisita, akanyoosha mikono tu, nikampa. Akagusa. Sauti ya marehemu ikajaa uani: yaya, umeamuka je?

Wanawake walipiga yowe. Mmoja alikimbia mpaka barabarani. Mjomba aliinuka na kunijia uso umebadilika.

"Kitu gani hiki umetengeneza?"

"Ni sauti yake, mujomba. Alisema mwenyewe, mbele yangu. Na yako imo pia."

"Mutu amekufa, wewe unamusemesha? Hapa, mbele ya kilio chake? Ondoa. Ondoa leo."

Ni mama aliyejibu, hata kichwa hakukiinua. "Uachane na mutoto. Ni sauti ya mudogo wetu. Kama unaogopa, urudi Lusangi."

Mjomba hakurudi kwake mpaka kilio kilipokwisha, lakini hakuingia tena katika chumba ambamo simu ilikuwa. Na mimi, niseme kweli, usiku huo niliona fahari. Nilijiambia wengine wanabaki na kanga na sufuria, sisi tumebaki na sauti. Niliona kwamba yale masomo yamefanya kazi kubwa.

Sikuelewa nilichokifanya mpaka baadaye.

Mama aliendelea kila asubuhi, lakini hakucheka tena. Alimwambia mdogo wake mambo mazito, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nawasha moto nje siku nilipomsikia vizuri kupitia dirishani. Simu iliuliza, yaya, umeamuka je, na mama akasema haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa, "Umekufa, mudogo wangu. Walikutupa kando ya njia kama mbwa, na miye sikukuwako."

"Mm," simu ikajibu. "Vizuri. Vizuri sana."

Nilibaki na kuni mkononi. Kisha nikasikia simu inauliza tena, na mama hakujibu, na sauti ikasema vizuri sana hata hivyo, ikaendelea na karanga na nyumba isiyovuja, ikacheka.

Niliingia. Alikuwa ameiweka simu sakafuni, mbali na miguu yake.

"Uiondoe," alisema.

"Mama, ni kwa sababu ya—"

"Najua ni kwa sababu gani. Umenieleza. Uiondoe tu. Yeye hakukuwa mutu wa namna ile. Nikimuambia hata nimekosa chumvi, alikuwa anauliza mara tatu. Huyu wako hajali kitu."

Nikawasha kompyuta. Kabla ya kufuta nilimuuliza kama niwasogeze wale wawili juu, wajaze kioo. Akakataa. "Usiwaguse wengine. Kila mutu abaki pale iko." Basi sehemu ya juu nikaiacha tupu, isiyotetemeka, isiyosema. Kuandika sehemu isiyofanya kitu ni kazi ya mstari mmoja. Mwalimu angesema ni rahisi kabisa.

Kwa muda alimsikiliza mjomba na kaka yangu. Lakini kaka yangu alikuja kututembelea na yule mtoto, naye alikuwa anakimbia uani na kuvunja vikombe, na jioni mama alipogusa chini akaambiwa mtoto anaanza kutambaa. Baada ya hapo aliniachia simu mezani, niitumie mwenyewe. Nilipompa alisema, "Wote wanasema mambo ya zamani. Miye nimekwisha kuyajua." Nilijitolea kwenda tena kuchukua sauti mpya. Akaniuliza nitakwenda mara ngapi, kila wiki?

Masomo niliyamaliza. Somo la mwisho lilikuwa la kuupeleka ukurasa wako mahali ambapo dunia nzima itauona. Nililisikiliza mpaka mwisho, nikafanya zoezi lote isipokuwa kitendo chenyewe. Sikuwa na ukurasa niliotaka kuonyesha dunia. Msimu wa mvua radi ilipiga nyumba ya jirani, na kila kilichokuwa kimeunganishwa na sola zetu mtaani kiliungua, kompyuta yangu pamoja. Fundi aliifungua, akanusa ndani, akaifunga. Flashi niliyoiacha imechomekwa nayo ilikwenda.

Ndipo binti wa mama mdogo, ambaye hatukuwa na habari zake tangu vijiji vikimbie, akafika. Alikuwa ametangatanga kutoka kambi moja ya wakimbizi hadi nyingine, na alibeba mfuko mmoja tu wa plastiki. Alimkumbatia mama muda mrefu. Alipokula na kunawa, alinivuta pembeni.

"Yaya, wanasema uko na sauti ya mama. Ni kweli?"

Kwenye simu nilikuwa nimeifuta. Nakala pekee ilikuwa katika kompyuta. Nilimwonyesha ile kompyuta iliyoungua, ikiwa chini ya kitanda ndani ya gunia, kana kwamba angeweza kuona kitu. Hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Nilitamani anikasirikie.

"Basi," alisema. "Uniambie tu alisema nini."

Nikamwambia, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka. Mama alikuwa amekaa nasi, anasikiliza. Nilipofika kwenye karanga nyingi, binti alinikatiza.

"Karanga?"

"Ndiyo. Alisema zimetoka nyingi."

"Mwaka ule?" Akatikisa kichwa. "Mwaka ule, kabla ukuje, watu wenye silaha waliingia shambani wakang'oa zote, hata mbegu. Tulikula majani ya muhogo tu. Na nyumba, si upande mumoja wa paa ulianguka? Ulikuja, haukuona?"

Sikuona. Nilikaa uani, nikashughulika na simu, nikaangalia kama sauti inaingia vizuri.

Mama hakulia. Aliuliza kama mdogo wake alikuwa amekonda. Binti akasema ndiyo, sana. Mama akauliza kama magoti yalikuwa yanamuuma bado. Akauliza nani alimshika kichwa wakati wanambeba. Binti alisema ni yeye. Wakaendelea hivyo, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na mimi nikaenda jikoni kwa sababu hapakuwa na kazi yangu pale.

Sasa tunaishi watatu. Binti na mimi tumeazimwa kipande cha shamba nje ya mji, njia ya Lusangi, na tunaondoka mapema kabla jua halijawa kali. Anajua kulima kuliko mimi. Ananirekebisha namna ya kushika jembe. Mama anabaki peke yake na mlango umefungwa kwa kamba, mpaka jirani apite kumtazama. Mwanga wa mlango hauoni tena. Rafiki yangu wa Kindu aliandika kuniambia kwamba masomo yale yamekwisha kupitwa na wakati, kuna mapya, atanitafutia. Sijamjibu. Mikono yangu imeota sugu, na tukitoka shambani jambo ninalolitaka ni maji ya moto na kulala.